Ritifaa nayo ni sehemu ya jina la mtu

Jioni moja, mwishoni mwa mwezi wa Machi, niliingia katika saiba moja kando ya barabara ya Kenyatta hapa Nakuru ili kuchapisha karatasi za mtihani. Katika kona ya chumba nilimwona kijana niliyemfundisha Kiswahili kwa miaka minne, ameinama mbele ya kompyuta, jasho linamtiririka ilhali hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Alikuwa akijaza maombi ya kujiunga na chuo. Muda wa kupokea maombi ulikuwa unakwisha usiku ule saa sita kamili.

"Mwalimu," aliniambia baada ya kunisalimu, "mtambo huu unakataa jina la baba yangu."

Nilidhani anafanya mzaha. Nilivuta kiti nikaketi kando yake. Jina lake la ukoo ni mojawapo ya yale majina mengi ya Bonde la Ufa yasiyoandikika bila ritifaa. Sitalitaja, ila msomaji akiyafikiria majina kama Ng'ang'a, Ng'eno au Kipng'etich hatakuwa mbali na ukweli. Kijana alikuwa ameliandika vyema kabisa, kama nilivyomfundisha na kama lilivyo katika kitambulisho chake. Kila alipobonyeza kitufe cha kuendelea, mtambo ulimjibu kwa wino mwekundu kwamba jina lake lina alama isiyokubalika.

Tulifanya nini? Tulifanya wanachofanya watu wote. Tuliiondoa ritifaa, mtambo ukaridhika, maombi yakaenda, nasi tukaenda zetu tukimshukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye kijana alinijia nyumbani uso umemsawijika. Jina lililo katika maombi halikulingana na lile lililo katika kitambulisho, na chuo kilimtaka alete hati ya kiapo kutoka kwa wakili kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Mama yake, ambaye ni mchuuzi wa mboga, alitoa fedha za wakili kutoka katika zile alizokuwa amemwekea mwanawe za nauli na godoro.

Msomaji mpenzi, tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwazia alama hii ndogo. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi kwamba ina kazi yake, kisha ulimwengu wa mitambo huwaambia kwamba haina. Ni nani anayesema kweli?

Hebu tuanze darasani. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa matumizi ya lugha anajua kwamba ritifaa, ambayo wengine huiita kibainishi, ina majukumu kadhaa. Hutumiwa katika ushairi kuonyesha kwamba silabi imedondoshwa ili mizani itimie, kama pale mshairi anapoandika 'takuja badala ya nitakuja. Hutumiwa kufupisha mwaka, kwa mfano '63. Zaidi ya yote, hutumiwa kuandika ile sauti ya king'ong'o inayosikika mwanzoni mwa neno ng'ombe. Na tazama kichekesho hiki: neno king'ong'o lenyewe haliandikiki bila ritifaa mbili.

Majukumu hayo mawili ya kwanza ni ya uakifishaji. Hili la tatu si la uakifishaji hata kidogo, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katika neno ng'ombe, ritifaa haionyeshi kwamba kitu kimeachwa, wala haitenganishi kitu na kingine. Ni sehemu ya herufi, kama vile h ilivyo sehemu ya sh na ch. Ukiiondoa umebadilisha sauti, na wakati mwingine umebadilisha maana. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshikilia, kama vile jino au mti. Ngoa ni tamaa au wivu. Anayemwandikia daktari wa meno kwamba ana haja ya ngoa asishangae akitumwa kwa mshauri wa mambo ya mapenzi.

Wapo waliolitatua jambo hili kwa njia nyingine. Majirani zetu Waganda, katika maandishi sanifu ya Luganda yaliyokubaliwa mwaka 1947, waliipa sauti hii herufi yake pekee, n yenye mkia, yaani ŋ. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, maandishi yetu yaliendelea kutumia ng pamoja na ritifaa. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake. Taipureta zilizoletwa Afrika Mashariki zilitengenezewa Kiingereza, na Kiingereza kina ritifaa. Karani wa reli hapa Nakuru aliweza kuandika ng'ombe bila kuagiza mashine maalumu kutoka ng'ambo. Kwa hivyo tuliazima alama ya uakifishaji tukaifanya herufi. Deni la mkopo huo ndilo tunalolipa leo.

Kwa nini mtambo ulikikataa kile kilichokubaliwa na taipureta? Mimi si mtaalamu wa kompyuta, ila nimekuwa mwanafunzi wa wanangu niliowafundisha zamani, na mmoja wao anayeandika programu alinieleza kwa subira ambayo sikumwonyesha yeye alipokuwa akijifunza ngeli.

Taarifa nyingi za ofisini, alisema, huwekwa katika hifadhidata, na hifadhidata nyingi huamrishwa kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, neno la kawaida hutiwa kati ya alama mbili, na alama yenyewe ni ile ile ritifaa ya kibodi. Ya kwanza hufungua neno, ya pili hulifunga. Sasa jina kama Ng'eno likiingizwa bila tahadhari, mtambo huona kwamba neno limefungwa baada ya Ng. Kile kinachobaki, yaani eno, hukichukua kuwa ni mwanzo wa amri, na kwa kuwa hakuna amri ya namna hiyo, hubabaika na kusimama. Walaghai walipoutambua mwanya huo walianza kuandika amri za hila mahali palipotakiwa jina, ili wasome au wafute kumbukumbu za watu. Baadhi ya waandishi wa programu, kwa haraka au kwa uvivu, waliamua kuipiga marufuku alama yenyewe.

Huo ni mfano wa mwenye nyumba aliyeibiwa kupitia dirishani, akaamua kuyaziba madirisha yote kwa matofali na kuishi gizani. Dawa ya kweli inajulikana na haina gharama kubwa: amri ipelekwe peke yake na jina lipelekwe peke yake, ili mtambo usiweze kamwe kulichukua jina kuwa amri. Programu iliyoandikwa hivyo haina haja ya kuiogopa ritifaa. Kwa hiyo mtambo unapomwambia mtoto wa watu kwamba jina lake lina alama isiyokubalika, unakiri kosa la aliyeuunda na kumtwika mwenye jina.

Wala si sisi peke yetu tunaoumia. Waayalandi wenye majina kama O'Brien wanalijua teso hili, na pia Wagoa wa Afrika Mashariki wenye majina kama D'Souza. Tofauti ni kwamba kwao ritifaa imo katika baadhi ya majina tu. Kwetu imo katika majina ya watu, katika majina ya mahali kama Murang'a na Lang'ata, na katika maneno ya kila siku: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, kunong'ona, kung'ang'ania. Mtu hawezi kuendesha ofisi ya Kiswahili bila alama hiyo.

Matatizo hayaishii hapo. Taipureta ilikuwa na ritifaa moja iliyonyooka. Kompyuta inazo nyingi zinazofanana machoni, na kwayo kila moja ni kitu mbali. Katika mfumo wa kimataifa wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambao huipa kila herufi ya dunia namba yake, ritifaa iliyonyooka ina namba 39. Ile iliyopinda kama mkato ulioinuliwa, ambayo vitabu vizuri huichapisha, ina namba 8217. Ile iliyopinda upande wa pili, inayofungulia usemi, ni 8216. Ipo nyingine inayolala kama mkwaju mdogo, namba 96, ambayo wengi huibonyeza kwa makosa kwa kuwa imo pembeni mwa kibodi. Na ipo moja, namba 700, iliyotengwa kwa ajili ya lugha ambazo ndani yake alama hii ni herufi kamili na si uakifishaji. Hiyo ya mwisho ndiyo inayolingana na kazi ya ritifaa yetu, lakini sijawahi kuiona katika kibodi yoyote iuzwayo mjini hapa.

Matokeo yake ni kwamba neno ng'ombe likiandikwa na makarani watatu huweza kuwa maneno matatu. Jicho la binadamu halioni tofauti. Programu ya kutafuta, isipofundishwa kwamba alama hizo ni ndugu, italileta moja na kuyaacha mawili. Mwanafunzi wa chuo anayehesabu ni mara ngapi neno fulani limetumiwa katika riwaya atapata hesabu isiyo sahihi, na hatajua kwamba amekosea.

Nitatoa mfano kutoka mashambani, kwa maana suala hili si la wasomi pekee. Katibu wa chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Njoro alinijia akilalamika. Alikuwa akiwaandikia wanachama arafa kuwakumbusha siku ya chanjo. Aliiandika kwanza katika kompyuta, kwa Kiswahili safi, akaipeleka kwa pamoja kwenye simu zao. "Mwalimu," alisema, "nikiandika habari ya bei ya maziwa, fedha za arafa zinatosha. Nikiandika habari ya ng'ombe, zinakwisha mara tatu upesi. Ng'ombe hawa wanatukamua sisi!"

Nilicheka, kisha nikampigia simu yule mwanafunzi wangu wa zamani. Yeye hakucheka. Arafa moja, alieleza, hubeba herufi 160, mradi zote zimo katika orodha fupi iliyowekwa na waliobuni simu za mkononi. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha hiyo. Iliyopinda haimo. Ikitokea alama moja tu isiyomo, ujumbe wote huhamishiwa mfumo mwingine, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Kwa hivyo arafa ya herufi 150, ambayo ingelipiwa mara moja, hugeuka kuwa vipande vitatu na kulipiwa mara tatu. Kompyuta ya katibu ilikuwa na desturi ya kuipinda ritifaa yenyewe, bila kuulizwa, ili maandishi yapendeze. Ukiwaandikia wakulima 400, umelipia arafa 1,200 kwa sababu ya mkunjo wa alama moja. Katibu alizima desturi hiyo, na ng'ombe wakarudi kula majani.

Hadi hapa nimewalaumu wengine. Haki inanitaka nijilaumu na mimi, kwa sababu nilipopewa nafasi ya kuiandikia mitambo hii Kiswahili, nilikosea kuliko wote.

Mwaka 2016 serikali ilipoanza kusambaza tabuleti katika shule za msingi, walimu wa shule moja ya jirani waliniomba niwaandikie mwongozo mfupi kwa Kiswahili. Niliifurahia kazi hiyo. Niliketi usiku mara kadhaa nikatoa kurasa 12 ambazo, kwa maoni yangu, zilikuwa na Kiswahili cha kuvutia. Nilikuwa nimefuata kanuni niliyowafundisha wanafunzi wangu wa insha kwa miaka mingi: usirudierudie neno moja, tumia visawe, upambe lugha. Kwa hivyo katika ukurasa wa kwanza niliandika nywila. Katika ukurasa wa tatu, ili nisimchoshe msomaji, niliandika nenosiri. Katika ukurasa wa tano nikaandika neno la siri. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, mtu makini sana, alinijia na karatasi mkononi. "Mwalimu mwenzangu," aliniuliza kwa heshima, "nywila ninayo, nimepewa. Hilo nenosiri na hilo neno la siri nitayapata wapi?"

Sikuwa na jibu. Yeye alisoma sawasawa. Katika mwongozo wa mtambo, maneno mawili humaanisha vitu viwili. Urembo ambao ungenipatia alama katika insha ulikuwa umemnyima usingizi mtu aliyekuwa akijaribu kufanya kazi.

Hayo yalikuwa mwanzo tu. Mahali pengine nilikuwa nimeandika kwamba mwalimu aandike <jina lako>, nikiziweka alama zile mbili zenye ncha ili kuonyesha kwamba hapo kila mtu ataweka jina lake. Hiyo ni desturi ya miongozo ya Kiingereza niliyoiiga bila kuieleza. Walimu wawili waliandika majina yao pamoja na alama zake, na mmoja aliandika maneno jina lako kama yalivyo. Pengine niliandika nywila ya kuanzia mwishoni mwa sentensi, na kwa kuwa nilifundishwa kwamba sentensi huishia kwa nukta, niliitia nukta. Nusu ya walimu waliibonyeza ile nukta pamoja na nywila, na milango ikakataa kufunguka. Nukta niliyoitia kwa ajili ya sarufi iliwafungia walimu nje ya mitambo yao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwongozo wa programu ni utanzu wenye kanuni zake, kama vile barua rasmi na kumbukumbu za mkutano zilivyo na kanuni zake. Niliuandika upya. Katika ukurasa wa kwanza nilieleza kaida za uchapaji: kitu cha kubonyezwa kitaandikwa kwa koza, yaani herufi zilizokolezwa wino, kitu ambacho msomaji atakibadilisha kwa chake mwenyewe kitaandikwa kwa hati mlazo, kitu cha kuandikwa kama kilivyo kitawekwa katika mstari wake pekee, bila nukta mwishoni na bila alama za mtajo. Kila kitu nilikipa jina moja, nikaliorodhesha mwishoni, na sikuthubutu kulibadilisha. Mwongozo huo mpya haukuwa na utamu wowote. Lakini maswali yalipungua, na yule mwalimu makini aliniambia kwamba safari hii ameusoma akiwa na amani.

Lipo swali la istilahi ambalo huwasha moto kila walimu wa Kiswahili wanapokutana: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Laptopu au kipakatalishi? Arafa au ujumbe mfupi? Nimewahi kuuona mjadala huo ukimeza saa mbili za semina huku chai ikipoa. Mimi hupenda neno tarakilishi, kwa kuwa ndani yake nasikia tarakimu na akili. Ngamizi huniogofya kidogo, kwa kuwa hunikumbusha kuangamiza. Hata hivyo, katika mwongozo wangu niliandika kompyuta, kwa sababu ndilo neno alilokuwa nalo mwalimu niliyemwandikia. Istilahi haishindi kwa uzuri wa asili yake. Hushinda inapotumiwa kwa maana moja, mahali pengi, kwa muda mrefu.

Watu waliowahi kuifanya kazi hiyo kwa upana wanastahili heshima yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows XP na Office 2003. Aliyewahi kujaribu kazi kama hiyo anajua kwamba ugumu wake hauko katika kupata neno la Kiswahili la kila kitufe pekee. Uko katika ngeli. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kuunganisha vipande: huchukua jina la kitu, huweka idadi, kisha huongeza neno moja lisilobadilika la kusema kimefutwa. Kiingereza huvumilia mtindo huo. Kiswahili hakiuvumilii. Faili moja imefutwa, faili tatu zimefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, mtu amefutwa, na Mungu atuepushie hilo la mwisho. Mfasiri anayepewa neno moja kati ya hayo na kuambiwa litumike kote, hana budi kuharibu sarufi. Kisha msomaji huiona sarufi iliyoharibika na kusema kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta, hali kosa liko katika namna programu ilivyokatwa vipande kabla mfasiri hajaitwa.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atasema: iondoeni hiyo ritifaa, vijana wanapoandikiana kwa simu wameshaiacha, na wanaelewana. Ni kweli wanaelewana, kwa kuwa kila mmoja anajua sauti ya neno kabla ya kulisoma. Lakini maandishi rasmi hayaandikwi kwa ajili ya marafiki. Huandikwa ili mtu asiyekujua, katika ofisi usiyoijua, miaka ishirini baadaye, atambue kwamba wewe ndiye wewe. Hapo kila alama ina uzito. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei mwaka 2025, alilibeba jina lenye alama mbili juu ya irabu na ritifaa katikati. Ni mara ngapi tumeliona likichapishwa limenyolewa zote tatu, hata katika kurasa zinazomsifu kwa kuzitetea lugha za Kiafrika?

Wa pili atasema: hayo ni mambo madogo, nchi ina shida kubwa zaidi. Nami humjibu kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha haiwezi kuwa rasmi katika Katiba na kuwa na herufi isiyokubalika katika fomu. Na mama mchuuzi wa mboga aliyemlipa wakili hakuliona jambo hili kuwa dogo.

Wa tatu, ambaye ni mwenzangu wa ualimu, atasema: mimi ni mwalimu wa lugha, kompyuta hainihusu. Huyu ndiye ninayemhofia zaidi. Alama za uakifishaji ziko katika somo letu. Tukiziacha mlangoni mwa chumba cha kompyuta, atakayeziamulia ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa tofauti ya ngoa na ng'oa.

Tufanye nini basi? Tunapofundisha ritifaa, tusiishie kwenye mizani ya shairi. Tumwambie mwanafunzi kwamba katika ng' alama hii ni sehemu ya herufi, na kwamba akiandika kwa kompyuta au simu atumie ritifaa moja, ile iliyonyooka ya kibodi, popote jina lake litakapoingizwa katika fomu au arafa, na aiachie kazi ya kupinda mchapishaji wa vitabu. Tumshauri alikague jina lake katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya mtihani kabla ya siku ya shida, si baada yake. Katika somo la uandishi, pamoja na barua na insha, tumpe zoezi la kuandika mwongozo: jinsi ya kutuma pesa kwa simu, jinsi ya kuwasha mashine ya kukamulia ng'ombe. Atagundua kwa nafsi yake kwamba visawe ni pambo mahali fulani na mtego mahali pengine.

Nanyi vijana mnaosoma kompyuta huko Egerton, Kabarak na kwingineko katika bonde hili, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaikabidhi programu yenu kwa mwenyewe, ijaribuni kwa majina ya majirani zenu. Andikeni Ng'ang'a. Andikeni Chepng'etich. Andikeni jina la bibi yenu kama yeye alivyolitamka. Programu ikikataa, msimwambie bibi abadilishe jina.

Yule kijana alipata nafasi chuoni hatimaye, akiwa amechelewa kwa muhula mmoja. Alipokuja kuniaga alinionyesha kadi yake mpya ya mwanafunzi. Jina la baba yake lilikuwa limeandikwa bila ritifaa. Nilimuuliza kama hataki lirekebishwe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, baba alikufa nikiwa darasa la tano. Nikienda kuomba warekebishe, nitaambiwa nianze upya kila kitu." Aliirudisha kadi mfukoni, akanishukuru, akaenda stendi kutafuta matatu.